Maswali ya Wasomaji: Binti Anayenong'ona

Mwezi huu nimeletewa barua tatu kutoka mikoa mitatu, zote zikimhusu msichana mmoja wa kitabuni. Ni Kambili Achike, binti wa miaka 15, msimulizi wa Purple Hibiscus, riwaya ya kwanza ya Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria. Ilitoka mwaka 2003, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi. Maswali mengine nimeyaweka kando mpaka toleo lijalo, mniwie radhi.

Kwa ambaye hajaisoma, nitaeleza kidogo tu. Kambili anaishi Enugu na kaka yake Jaja, mama yao Beatrice na baba yao Eugene. Eugene ana viwanda, ana gazeti linaloikosoa serikali ya kijeshi bila woga, na kanisani padri humtaja kwenye mahubiri kama mfano wa kuigwa. Nyumbani, mtu huyohuyo anampiga mkewe mpaka mimba zinatoka, na watoto wake anawaadhibu kwa njia ambazo msomaji inabidi afunge kitabu kwanza avute pumzi. Mambo yanaanza kubadilika watoto wanapokwenda kukaa siku chache Nsukka kwa shangazi yao Ifeoma, mjane, mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye watoto watatu, fleti ndogo na gari linalosumbua kwa kukosa petroli.

*

"Shikamoo Mwalimu. Ninaishi na binti wa kaka yangu, kaka wa tumbo moja. Ana miaka 15. Mama yake alimleta kwangu mwezi wa tatu akiwa na mkono uliofungwa bandeji, na wewe ni mtu mzima unaelewa uliumiaje. Mwalimu, mtoto haongei. Akiongea ananong'ona mpaka nimsogelee sikio. Hapa kwangu hakuna anayemgusa, chakula kipo, shule anakwenda. Ni miezi saba sasa na bado sufuria ikianguka jikoni anaruka. Jirani yangu aliniazima Purple Hibiscus akaniambia, soma, utamwona binti yako humo. Nimeisoma kwa usiku mbili na nimelia. Lakini nimebaki na swali. Huyu Kambili alipataje kujiamini? Mimi nilichokiona ni kwamba alimpenda padri. Mimi sina padri wa kumpa huyu mtoto, na hata ningekuwa naye nisingempa. Kitabu kinataka kutuambia kwamba binti aliyeumizwa anaponywa na mapenzi? Na kaka yangu ameanza kupiga simu anasema anakuja kumchukua mtoto wake." — Shangazi, Singida

Marahaba, shangazi. Nimeisoma barua yako mara nne. Nitaanza na mtoto, kisha padri, na kaka yako nitamfikia, usifikiri nimemsahau.

Turudi kwanza kwenye nyumba ya Enugu, maana bila kuielewa nyumba ile hutaelewa ule mnong'ono. Kambili hakuzaliwa na sauti ndogo. Alifundishwa. Baba yake ana desturi ya kuwaonjesha watoto chai kutoka kikombe chake mwenyewe kabla hajainywa. Anaiita alama ya upendo. Chai inakuwa ya moto, inaunguza ulimi, na mtoto anameza na kushukuru. Nadhani hakuna mstari katika kitabu kizima unaoeleza vizuri zaidi kilichompata: upendo na kuungua vilipita mdomoni kwa wakati mmoja, kwa miaka. Ulimi wa namna hiyo utasemaje?

Tena kuna habari ya shule. Kambili akawa wa pili darasani badala ya wa kwanza. Baba akaenda naye shuleni, akamtaka amwonyeshe msichana aliyeshika nafasi ya kwanza, akamuuliza yule ana vichwa vingapi. Kimoja. Akatoa kioo kidogo, akamwambia ajitazame: na wewe una vingapi? Binti huyo akiambiwa na mkuu wa shule asimame mbele ya wenzake aongoze kiapo cha utii kwa nchi, maneno anayajua yote lakini hayatoki. Wenzake wakaona anaringa, mtoto wa tajiri asiyezungumza na watu, anayekimbilia gari kengele ikilia tu. Hakuna aliyejua kwamba anakimbia kwa sababu kuchelewa dakika chache ni kosa la kujibu nyumbani.

Kwa hiyo shangazi, unaposema miezi saba, nakuelewa, umechoka. Lakini hesabu upande wa pili pia. Amenyamaza miaka mingapi kabla hajafika kwako? Kunyamaza kulikuwa ndiyo kazi yake nyumbani, na aliifanya kwa bidii, kwa kuwa ilikuwa inampunguzia kipigo. Sasa huwezi kumwambia "hapa pako salama" akaiacha kazi hiyo siku hiyohiyo. Anakuangalia. Anasubiri aone.

Sasa twende Nsukka, jikoni, maana jibu la swali lako naliona pale. Wameletewa majani ya orah, mboga wanayoipikia mchuzi, na inabidi yachambuliwe kama sisi tunavyochambua matembele. Kambili hajui. Kwao kuna wa kupika. Amaka, binamu yake wa rika lake, binti mwenye ulimi mkali, anatoa kauli ya kejeli: matajiri hawahangaiki na orah majumbani mwao. Ni kawaida ya Amaka kumchokoza, na ni kawaida ya Kambili kuinamisha kichwa. Ila safari hii shangazi Ifeoma anamgeukia Kambili, siyo Amaka. Anamuuliza kama hana mdomo. Anamwambia amjibu.

Na Kambili anajibu. Anamwambia Amaka kwamba hana haja ya kupiga kelele, kwamba yeye hajui kuchambua majani yale, lakini Amaka anaweza kumwonyesha. Basi. Hata yeye mwenyewe anashangaa utulivu wa maneno yake yalivyotoka. Amaka anaangua kicheko, kicheko cha kweli, anamwambia kumbe sauti yako inaweza kuwa kubwa hivi. Halafu anamwonyesha.

Nilifundisha Fasihi miaka 31 kwenye shule za bweni za wasichana, na kila nilipofika pale wanafunzi walipenda ile sehemu ya "usipige kelele". Wanaona ndipo ujasiri ulipo. Mimi macho yangu huenda kwenye "sijui". Fikiria: huyu ni mtoto aliyewekewa kioo usoni kwa kuwa wa pili. Kwao kutokujua ni dhambi. Jaja, kaka yake, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kiliharibiwa akiwa na miaka kumi kwa sababu alikosa maswali mawili ya katekisimu. Mtoto wa nyumba ile anasimama jikoni kwa mtu, mbele ya watu, anasema kwa sauti inayosikika: sijui, nionyeshe. Na hakuna kinachotokea. Hakuna mkanda, hakuna maji ya moto. Majani yanachambuliwa, mchuzi unapikwa, watu wanakula. Kujiamini kwa Kambili kunaanzia hapo, kwenye kukosea bila kulipishwa.

Naomba niseme jambo langu mwenyewe, maana sipendi usome ukurasa huo kesho ukamwambia binti "huna mdomo?" ukasema Mwalimu ndiye aliyeniambia.

Mwaka 1998 nilikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa ananong'ona hivyohivyo. Niliamua kumsaidia. Nikamsimamisha mbele ya wenzake zaidi ya arobaini asome ukurasa mmoja. Alisimama. Kitabu kilikuwa mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinasugua kona ya dawati, mahali palepale, taratibu, kama anafuta kitu. Nikasema, "Sauti!" Nikasema tena, "Sauti, binti, hatukusikii!" Darasa likacheka kidogo, kile kicheko cha kuogopa kuchekwa. Akakaa bila ruhusa. Wiki tatu hakuonekana kwenye vipindi vyangu. Alikuwa anajificha chumba cha wagonjwa akisema kichwa kinamuuma. Matroni ndiye aliyenieleza yaliyompata likizo nyumbani kwa ndugu aliyekuwa akimlea. Sitayaandika hapa, si yangu. Nilikwenda bwenini nikamwomba radhi, na yeye akaniambia "haidhuru Mwalimu" kwa sauti ile ile ambayo ilibidi niiname kuisikia. Mpaka leo nikiona dawati lililobanduka rangi kwenye kona namkumbuka.

Utaniuliza, Ifeoma naye si alimkaripia? Alimkaripia. Lakini Kambili alikuwa amekwisha kula mezani kwa Ifeoma, amekwisha kuona watoto wa nyumba ile wakibishana na mama yao na mama akacheka, amekwisha kusikia kicheko kikipita kutoka chumba hadi chumba bila kuadhibiwa. Amri ya kusema ilikuja baada ya nyumba kuwa tayari imethibitisha. Mimi niliileta ile amri kwenye chumba chenye watu arobaini na mwalimu mwenye daftari la alama.

Kilichomsaidia binti yangu yule hatimaye kilikuwa ufunguo. Tulikuwa na kabati la vitabu vya hadithi nje ya ofisi, nikampa alitunze. Kila jioni alikuwa anakaa pale na daftari, wasichana wanakuja kuazima. Mwezi wa kwanza alikuwa anawaonyesha kwa kidole mahali pa kusaini. Mwezi wa pili nikamsikia akisema, "Saini hapa." Muhula uliofuata nilikuwa ofisini, mlango wazi, nikasikia sauti nisiyoitambua ikimwambia dada mmoja wa kidato cha nne, "Dada, hiki bado hujarudisha." Niliacha kusahihisha. Yule wa kidato cha nne akabisha. Sauti ikarudia, "Hujarudisha, angalia," na nikasikia kurasa za daftari zikifunuliwa. Nilisoma Purple Hibiscus miaka mingi baadaye, na kwenye orah nikamsikia yeye.

Kwa hiyo shangazi, nitakushauri hivi: mpe kitu kidogo kinachomlazimu kusema na watu, kisicho na mtihani ndani yake. Kuuza vitumbua asubuhi, kama unauza. Kupokea maziwa mlangoni. Akikosea chenji, mhesabie tena mbele yake bila kuguna. Na wewe mwenyewe usione haya kusema "sijui" mbele yake, ukamwomba akuonyeshe, hata kama ni kitu cha kwenye simu.

Halafu ujiandae, maana atarudi nyuma. Kitabu hakidanganyi hapo. Baada ya Nsukka ya kwanza, baba anagundua kwamba watoto walilala nyumba moja na babu yao, Papa-Nnukwu, asiye Mkristo, na Kambili hakusema. Anamsimamisha kwenye bafu anammwagia maji ya moto miguuni, huku mwenyewe analia. Msomaji anasema basi, yote yamepotea. Lakini angalia kinachofuata. Kambili amerudi na picha ya babu aliyoichora Amaka. Baba anaikuta, anaichana vipande. Na yule binti wa minong'ono anajitupa chini juu ya vipande vile, anavikumbatia. Baba anaamuru ainuke. Hainuki. Anapigwa mateke mpaka anazimia, anaamka hospitali akiwa na ubavu uliovunjika na kupewa sakramenti ya wagonjwa mahututi.

Sisemi kwamba alifanya vizuri kubaki chini. Hakuna mtoto anayetakiwa kununua heshima yake kwa bei hiyo, na nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu waziwazi: ukiweza kukimbia, kimbia. Ninachosema ni kwamba yule mtoto wa mwanzo wa kitabu angeinuka. Angeinuka na kuomba msamaha. Huyu kwa mara ya kwanza anacho kitu chake asichotaka kukiachia. Na ukumbuke hakusema neno. Binti yako naye anaweza kuanza kuonyesha ujasiri kwa namna isiyofanana na kuongea: kukataa nguo fulani, kufunga mlango wa chumba, kusema hashibi. Usidhani ni jeuri.

Sasa padri. Nashukuru umeuliza, kwa sababu watu wengi wanaisifu sehemu hiyo kwa macho yanayong'aa na mimi huwa inanikaa vibaya. Padri Amadi ni kijana, mchangamfu, anaimba, anampeleka Kambili uwanjani kukimbia, anampeleka sokoni kusukwa nywele. Kambili anampenda, na siku moja anamtamkia. Padri naye anakaribia mahali asipotakiwa kukaribia. Yeye ni mtu mzima, tena kiongozi wa dini, na huyu ni mtoto wa miaka 15 aliyetoka kwenye mateso. Angekuwa mtoto wangu ningemwita huyo padri nikae naye kikao. Mwandishi mwenyewe anamwondoa: padri anaondoka kwenda Ujerumani, na kinachobaki ni barua.

Kinachobaki kwa Kambili ndicho cha kutazama. Kama kujiamini kwake kungekuwa ni padri, kungepanda ndege naye. Hakukupanda. Alichompa Amadi kilikuwa kizuri pale alipomtendea kama mtoto anayeweza: kimbia, miguu yako ni mizuri kwa kukimbia. Kocha angeweza kumpa hicho. Shangazi anaweza.

Na kwenye safari ile ya kusukwa kuna kitu nataka ukirudie kukisoma, ni mistari michache tu. Msusi, Mama Joe, ana kikapu cha konokono pembeni anachouza. Kambili amekaa anasukwa, anamwona konokono mmoja anapanda ukingo, anatoka. Mama Joe anamwokota anamtupa ndani. Baadaye konokono anatoka tena, anatupwa tena. Kambili anajiuliza kama ni yuleyule. Hakuna anayemweleza maana yake, na yeye hasemi chochote. Anaangalia tu huku kichwa kimevutwa. Nimesoma ukurasa huo nikiwa nasukwa mimi mwenyewe, na nilimwomba msusi asimame kidogo.

Kuhusu kaka yako. Hapa kitabu hakitoshi na mimi sitoshi. Usimkabidhi mtoto kwa sababu ya maneno ya simu, na usimkabili peke yako. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, au dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, ueleze kila kitu kabla hajafika. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, unapiga bure, na binti mwenyewe pia anaweza kupiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na baba mzazi hana ruhusa maalumu ya kuumiza. Najua ni kaka wa tumbo moja. Ifeoma naye alikuwa dada wa Eugene, wamelelewa pamoja, na ndiye pekee katika ukoo aliyemwambia machoni kwamba anakosea. Mwombe pia afisa ustawi akuelekeze kwa mshauri wa watoto. Mkono ukishapona, yapo mengine ambayo hayaonekani kwa bandeji.

*

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Tulikuwa na mdahalo: nani amekua zaidi, Kambili au Jaja? Upande wetu tulimtetea Jaja tukashinda. Tulisema Jaja ndiye aliyekataa kupokea komunyo Jumapili ya Matawi, ndiye aliyemjibu baba, ndiye aliyekwenda jela kwa kosa la mama yake. Kambili mpaka mwisho anamwombea baba misa kila Jumapili. Mtu aliyepona anamwombea misa mtu aliyemmwagia maji ya moto? Lakini mwalimu wetu hakufurahi na ushindi wetu na hakutuambia kwa nini." — Mwanafunzi, Mbeya

Hongera kwa ushindi, mwanangu. Jaja mlimtetea kwa hoja nzuri, na kwa wasiojua: mama yao, Beatrice, ndiye aliyekuwa akitia sumu kwenye chai ya mumewe, na polisi walipofika Jaja akasema ni yeye.

Naomba nikuulize: habari hizo za Jaja alikuhadithia nani? Kitabu kizima, kuanzia siku baba aliporusha misale, kile kitabu cha sala za misa, na sanamu ndogo za mama zikavunjika, ni sauti ya msichana ambaye shuleni alishindwa kutamka kiapo alichokijua kwa moyo. Nadhani mwalimu wenu alikuwa anasubiri mmoja wenu aligundue hilo.

Halafu mrudi mkasome sehemu ya mwisho, ile fupi. Imepita karibu miaka mitatu. Jaja yuko gerezani, macho yamekuwa magumu, anaongea kidogo sana. Mama amefifia. Anayepanga safari, anayejua habari za mawakili na hela za kuwahonga mahakimu, anayempa mama bega, ni Kambili. Ameambiwa Jaja atatoka. Anasema watampeleka kwanza Nsukka, kisha Marekani kwa shangazi. Watapanda michungwa mipya kijijini kwao Abba, Jaja atapanda hibiskasi ya zambarau, yeye atapanda iksora ili wanyonye utamu wa maua yake. Hesabu vitenzi vya wakati ujao kwenye ukurasa huo. Mwanzoni mwa kitabu Kambili hana hata kimoja kilicho chake. Alichokuwa anatamani ni kwamba angekuwa yeye aliyesema lile jambo la kumfurahisha baba. Na anacheka, mwanangu. Huyu ni binti ambaye kule Nsukka aliposikia kicheko chake mwenyewe alikiona kama cha mtu mwingine kilichorekodiwa.

Kuhusu misa: nakuomba usiwe mwepesi. Baba yule ndiye aliyemmwagia maji, na ndiye aliyempa chai. Mtoto hachagui kukumbuka kimoja tu. Ukikutana na mtu aliyepigwa na mzazi wake na bado anamlilia kaburini, usimwambie hajapona. Jaja naye hasira yake ilikuwa ya haki na ilimpa ujasiri mkubwa wa siku moja. Hata hivyo, alipofika gerezani hakuwa na mtu wa kumwambia "sijui, nionyeshe". Ningekuwa jaji wenu ningewapa sare, halafu ningewauliza ni nani kati yao angeweza kuandika barua hii uliyoniandikia.

*

"Mwalimu, kwa heshima zote: mbona mnakwenda Nigeria kutafuta binti aliyepigwa na baba? Rosa wetu mmemsahau?" — Msomaji, Ukerewe

Hatujamsahau, ndugu yangu, na wewe wa Ukerewe una haki ya kwanza ya kuuliza. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kisiwani kwenu mwaka 1944, na Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971. Kwa muda ilizuiwa shuleni. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi. Eugene si mlevi, na anasali kutwa. Lakini Rosa anapigwa kwa ajili ya barua ya mvulana kama Kambili anavyopigwa kwa ajili ya picha ya babu, na wasichana wote wawili wanatoka nyumbani wakiwa wamebeba hofu ileile.

Tofauti naiona kwenye mlango waliouingia baadaye. Rosa alikwenda bweni, kisha chuo, akakutana na watu wengi waliotaka kitu kutoka kwake. Hakukutana na mtu mzima hata mmoja aliyekaa naye jikoni akamuuliza kitu kisha akangoja jibu. Anaishia kujitoa uhai. Nimemfundisha Rosa mara nyingi, na kila mara wasichana walinifuata ofisini baada ya kipindi, mmoja mmoja. Kwa hiyo ninawaambia walimu wenzangu: vifundisheni vitabu vyote viwili, lakini Rosa asisomwe na mtoto aliyeumizwa akiwa peke yake kitandani usiku.

Na hili linanirudisha Singida. Shangazi, hata Purple Hibiscus usimpe binti mkononi ukamwambia "soma, ni wewe huyu". Kiache mezani jikoni kama umekisahau, kimefunguka pale kwenye majani ya orah, na uendelee kuchambua mboga yako. Akiuliza kinahusu nini, mwambie. Asipouliza, kesho kiache tena.